Msumari wa Chupa ya Nne

Chupa zilikuwa nne, zote za jamu, tumezipanga dirishani. Mwaka ni 1996, nami nasoma darasa la sita mjini Pangani, mahali ambapo ukitoka nje ya darasa pua inakwambia bahari iko karibu. Kundi letu lilikuwa limepewa kazi ya kutu.

Chupa ya kwanza tuliianika juani kutwa, tukaiziba kwa nta ikiwa kavu kabisa. Ya pili tulitia maji yaliyochemshwa ili hewa itoke, tukamimina mafuta ya nazi juu yake ili hewa isirudi. Ya tatu ilikuwa na maji ya mvua na ya nne maji ya bahari, zote mbili wazi. Kila chupa na msumari wake. Mwalimu wetu wa Sayansi alikuwa ametukaririsha sharti moja: katika jaribio badilisha kitu kimoja tu, vingine vyote viache sawasawa.

Mimi ndiye niliyetakiwa kuleta misumari. Nyumbani nilikuta pakiti ya inchi mbili imebaki na mitatu. Wa nne nikauchukua kwenye kopo la baba, fundi wa mashua. Urefu ulikuwa uleule, ila ulikuwa mnene kidogo, rangi yake ya kijivu kilichofifia. Nikaona msumari ni msumari, nikautia mfukoni pamoja na wenzake.

Baada ya wiki moja tulizishusha chupa. Msumari wa kwanza ulikuwa safi, wa pili safi. Wa tatu ulikuwa umeshika kutu, na maji yake yamekuwa rangi ya chai ya rangi. Wa nne, ambao kitabu kilisema ungeliwa kuliko yote, haukuwa na kutu hata chembe. Ulikuwa na unga mweupe tu, umegandamana karibu na kichwa.

Mwenzetu mmoja alikwishaanza kuandika daftarini kwamba msumari wa maji ya bahari umeshika kutu zaidi, kwa kuwa ndivyo ilivyotakiwa. Nilimshika mkono. Ule msumari nilikuwa nauona kwa macho yangu.

Mwalimu alikuja, akauinua kwa kibanio, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu. "Andikeni mlichokiona," akasema. Kisha akauliza ule weupe ni nini.

"Chumvi!" tukajibu wote.

"Mmejuaje?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Akatuchukua hadi jikoni kwa mpishi wa shule, akaweka maji ya bahari kwenye kijiko cha chuma juu ya mkaa. Maji yakakauka, likabaki ganda jeupe. Akadondoshea maji ya mvua, ganda likapotea. Akalikausha tena, likarudi. Alituambia lita moja ya maji ya bahari huwa na chumvi kama gramu 35, nayo haijageuka kuwa kitu kingine. Imeyeyuka tu, ukiyakausha maji unaipata ileile. Hilo ni badiliko la kiumbo. Siku zote nilikuwa nimelikariri kwa mfano wa barafu, na barafu mimi nilikuwa naiona kwa nadra sana. Chumvi ndiyo niliyoijua.

Halafu akakwangua unga wa msumari kwenye kijiko kingine, akatia maji ya mvua, akakoroga. Tukainama vichwa vyetu vikagongana. Unga ulizama, ukatulia chini. Akakoroga tena. Ukatulia tena.

"Basi si chumvi," akasema polepole. "Hiki ni kitu kipya. Huu msumari umetoka wapi?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda kamuulize mzee wako, kisha uje utufundishe."

Baba nilimkuta ufukweni akitia kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa, ubavuni mwa mashua. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba nilichukua msumari wake bila kuomba. Akaweka nyundo chini, akachukua misumari miwili, mmoja wa nyumba na mmoja wa mashua, akaiweka kiganjani mwangu.

"Huu wa mashua umechovywa zinki, kama bati la paa. Bahari inakula zinki kwanza, mwanangu. Chuma kinabaki. Hata ukikwaruzika kidogo, zinki ya pembeni inaukinga. Ukipigilia huu wa nyumba, mbao haitakaa nao."

Kumbe tulikuwa tumebadilisha vitu viwili kwa pamoja, maji na msumari, na bahari ilikuwa imefanya kazi yake vilevile, ila ilikuwa inakula kitu tusichokijua. Nilisimama pale na ile misumari kiganjani, moyo unanidunda kwa furaha.

Tulirudia jaribio kwa misumari minne ya pakiti moja. Safari hii wa chupa ya nne ulitoka umevimba kwa kutu, unabanduka magamba. Tuliuosha, tukaukausha, tukaupitisha hata jikoni kwenye mkaa. Kutu ikabaki kutu. Chuma kilikuwa kimeungana na oksijeni na maji, na kwa lolote tulilolijua sisi hakikuwa kinarudi. Mwalimu akaniita mbele niwaeleze darasa habari ya zinki, nami nikaieleza kwa maneno ya baba.

Jioni ile baba aliniuliza habari za chupa, nikamsimulia yote. Akanyamaza kidogo, akiitazama mashua yake iliyopakwa sifa, yale mafuta ya papa.

"Na sifa je? Ukiupaka msumari sifa, bahari itaufanya nini? Wazee wanasema inasaidia. Mimi sijapata kuona kwa macho."

Nikamwomba misumari miwili ya nyumba, ya pakiti moja, nikashika ndoo kwenda kuteka maji ya bahari ya chupa zote mbili.