Kalibresheni ya skana ya slaidi: rangi ya kweli si lazima iwe rangi nzuri

Maelezo haya ni kwa mwenye skana ya kioo bapa, mfano Epson V600 au V850, na boksi la slaidi za zamani za Mji Mkongwe.

Kwanza, kalibresheni, yaani kuipima skana ili isome rangi kama zilivyo, hairudishi rangi iliyopauka. Slaidi ya Forodhani iliyokwisha kuingia wekundu wa zambarau itatoka kwenye skana na wekundu uleule, na hapo skana imefanya kazi yake. Rangi moja ndani ya filamu imekufa kabla ya nyenzake. Kuifufua ni kazi nyengine, ya baadaye. Na msijaribu kupima kwa jicho, kuvuta rangi mpaka kuta za Beit el-Ajaib ziwe nyeupe pepe: chokaa ya jua la magharibi haiwi nyeupe.

Kinachohitajika ni kadi ya IT8, yaani kadi ya kupimia rangi, iliyochapwa kwenye filamu ya slaidi. Ina miraba 264 ya rangi na ngazi 24 za kijivu, na huja na faili la vipimo vyake. Namba ya toleo kwenye kadi na kwenye faili lazima ziwe moja. Zikitofautiana, unapima kwa rula ya mtu mwengine. Kadi ya filamu ya Ektachrome ni ya Ektachrome, ya Fuji ni ya Fuji. Kodachrome, filamu nyengine ya Kodak, ina rangi za aina yake peke yake, na ukiiskani kwa profaili ya Ektachrome (profaili ni faili linaloeleza jinsi skana inavyoziona rangi, nalo hutengenezwa kwa kadi) huelekea ubuluu. Kodak waliacha kuitengeneza 2009, kwa hiyo kadi zake ni za kutafuta.

Kadi yenyewe ni filamu, na masika ya Unguja huiotesha ukungu. Iweke kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika. Ikitoka chumba chenye kiyoyozi, usifungue kopo mpaka lipate joto la nje, la sivyo umande utashika juu ya filamu.

Taa ya zamani ya neli iache iwake nusu saa; ya LED dakika chache zinatosha. Umeme ukikatika katikati, anza tena kuipasha. Halafu zima kila kitu cha otomatiki: mwangaza, rangi, kunoa picha, kusafisha vumbi. Kwenye Epson Scan, programu ya skana hizo, chagua isisahihishe rangi kabisa. Skani kwa biti 48, uhifadhi kama faili la TIFF. Ngazi nyeupe kuliko zote isome karibu na 245 kati ya 255. Ikigonga 255, mwangaza umekatika na profaili itabuni kilichopotea. Mwangaza huo ndio utakaoufunga kwa slaidi zote; watu wengi hukosea hapa, wanapima kwa mpangilio mmoja na kuskani kwa mwengine.

Kwa ArgyllCMS, programu ya bure ya kutengeneza profaili, amri ni mbili. Ya kwanza husoma miraba: kadi.tif ni skani ya kadi, it8.cht ni ramani ya miraba, kadi.txt ni faili la vipimo. Ya pili hutengeneza profaili:

scanin -v -dipn kadi.tif it8.cht kadi.txt
colprof -v -D"Skana" -qm kadi

Fungua diag.tif, picha ya ukaguzi inayotolewa na amri ya kwanza, kabla ya amri ya pili. Vijisanduku vikiwa nje ya miraba, kadi imekaa upande au ukingo haukukatwa vizuri. Programu ikishindwa kabisa kuitambua, huenda filamu imegeuzwa kama kwenye kioo. Mwisho utaoneshwa wastani wa kosa. Ukiwa 1 au 2, endelea. Ukifika 5, tafuta vumbi au faili la toleo jengine. Wastani mdogo nao usikulevye: unasema tu kwamba profaili inaijua kadi.

Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, bandika kwanza profaili ya skana kwenye picha, ndipo uigeuze kuwa sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za skrini. Ukibandika sRGB moja kwa moja, kazi yote imepotea.

Negativu za rangi hazimo katika haya. Zina utando wa chungwa, na rangi zake hutegemea jinsi programu inavyozigeuza, hivyo kadi ya slaidi haizisaidii. Usafishaji wa vumbi kwa infraredi unaweza kuuwasha tena kwa slaidi za kawaida, lakini si kwa nyeusi-na-nyeupe ya fedha: fedha huzuia infraredi, na programu huiona picha yote kuwa ni vumbi.