Siku Ukurasa Ulipoganda Nyuma ya Ikoni

Mwaka 2003 nilipewa kazi ya kuweka ukurasa wa hali ya seva kwenye mandharinyuma ya kompyuta yenye Windows XP, ili kila apitaye aone seva ipi inafanya kazi na ipi imelala, bila kufungua kivinjari. Uwezo huo, Active Desktop, ulikuwa umeletwa na kivinjari cha Internet Explorer 4 mwaka 1997, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kutafuta programu nyingine.

Kuuweka hakukuchukua hata dakika tano. Nilibofya kulia mahali patupu kwenye skrini, nikachagua Properties, halafu Desktop, Customize Desktop na kichupo cha Web. Hapo nikabonyeza New, nikaandika anwani, nikakubali. Fremu ikatokea nyuma ya ikoni. Nilipopeleka kipanya kwenye ukingo wake wa juu ulichomoza mstari wa kijivu, na huo ndio nilioushika kuihamisha. Skrini ilikuwa ya pikseli 1024 kwa 768. Nikaachia ikoni pikseli 100 hivi upande wa kushoto, kisha nikaifunga fremu isisogee.

Saa mbili baadaye seva moja ilizimwa kwa matengenezo. Pale nyuma ya ikoni, safu yake bado ilikuwa ya kijani, yaani inafanya kazi.

Nilidhani mtandao umekatika, lakini kivinjari kilifungua ukurasa uleule na kuonyesha nyekundu. Kumbe kilichokuwa nyuma ya ikoni kilikuwa nakala: ukurasa ulioongezwa kwa njia ile, Windows iliupakua, ikauhifadhi kwenye diski na kuonyesha kilichohifadhiwa. Kitufe cha Synchronize kilileta nakala mpya, na ratiba iliweza kupangwa. Kwa tangazo la kila asubuhi hilo latosha. Kwa hali ya seva ni hatari, maana rangi ya kijani iliyopitwa na wakati ni mbaya kuliko skrini tupu.

Nikaiondoa fremu. Badala yake niliandika faili fupi ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kwenye diski na kuichagua kuwa mandharinyuma kwa kitufe cha Browse. Ndani yake mlikuwa na iframe moja, yaani dirisha la kuonyesha ukurasa wa hali ya seva ndani ya faili hiyo, na mistari michache ya amri za JavaScript ya kuipa iframe anwani upya kila baada ya muda, ikiwa na saa ya wakati huo mwishoni, ili kila ombi lionekane jipya na akiba ya kivinjari isitumike. Amri hizo za kuhesabu muda lazima zikae kwenye faili ya nje, ile ya kwenye diski. Ukiutegemea ukurasa wa ndani, ule wa hali ya seva, ujipakie upya, siku mtandao ukikatika nafasi yake inachukuliwa na ukurasa wa hitilafu, nao hauna amri ya kujaribu tena. Utabaki hapo hata mtandao ukirudi.

Muda wa kwanza niliouweka ulikuwa sekunde 2, na hilo lilikuwa kosa. Explorer, programu ya Windows yenyewe na si kivinjari, ndiye anayechora ikoni, upau wa chini na mandharinyuma, hivyo ukurasa ukimlemea, vyote vinakwama pamoja. Nilimsimamisha kwa Task Manager, chombo cha Windows cha kusimamisha programu, akarudi na skrini nyeupe yenye kitufe cha Restore my Active Desktop. Kitufe kikatoa hitilafu ya skripti, yaani ya amri zake za ndani. Kilichosaidia ni kuifuta Desktop.htt, faili ya Active Desktop iliyofichwa kwenye folda za Application Data, Microsoft, Internet Explorer, kisha kutoka kwenye akaunti na kuingia tena.

Nikaweka sekunde 60. Rangi ya faili ya nje nikaifanya nyeusi kama ya ukurasa wa ndani, kwani weupe unaomulika kila dakika unachosha macho. Kisha nikachomoa waya wa mtandao, nikasubiri hadi ukurasa wa hitilafu ujitokeze, nikaurudisha waya bila kugusa kitu kingine. Dakika haikuisha: orodha ikarudi, na safu ya seva ile ilikuwa nyekundu.