Kubana matumizi Makorora, Tanga: daftari la deni, majivu na sufuria moja iliyokufa

Mwezi wa kwanza

Mkopo wetu wa nyumba ni shilingi 30,000,000, riba asilimia 16 kwa mwaka, miaka 10. Rejesho ni 502,540 kila mwezi. Nimelipa miezi 14 kimyakimya, mpaka Jumapili moja nikaikalia ile ratiba ya marejesho na kalamu mkononi. Rejesho la kwanza kabisa: riba 400,000, deni la msingi 102,540. Nikaikunja karatasi, nikaenda kijiweni kunywa kahawa. Nilimeza viwili kavu, hata kashata sikugusa.

Riba inapigwa kwenye deni lililobaki, kwa hiyo kila shilingi unayoishusha leo haikuzalii riba tena. Nikapiga hesabu: mtu akiongeza 80,000 kila mwezi tangu mwanzo, miezi 120 inakuwa 88. Mimi nimeshachelewa, sitafaidi yote, ila nikajua nabana kwa ajili ya nini.

Mwezi wa pili

Ya rahisi kwanza. Bodaboda ya kwenda kazini na kurudi ilikuwa 2,000 kwa siku, siku 26. Baiskeli ilikuwa imeegeshwa uani inaota kutu, na Tanga mji wenyewe tambarare. Nimebadilisha tairi la nyuma, basi. 52,000 hiyo.

Vitu vya usafi ndiyo vilinishangaza: 38,000 kwa mwezi! Dawa ya vigae, ya choo, ya vioo, sabuni ya maji ya vyombo, na kila moja ina harufu yake ya maua. Sasa masufuria tunasugua kwa majivu ya mkaa na kumbi la nazi, kama alivyofanya bibi. Vioo ni siki na maji, unakausha kwa gazeti. Maganda ya machungwa ya Muheza naloweka kwenye siki wiki mbili, nachuja, nachanganya na maji, nafutia jiko, mafuta yanaachia. Dodoki limechukua nafasi ya sponji. Choo bado nanunua dawa ya klorini, sina ubishi hapo. Ila dawa hiyo haikutani na siki hata siku moja: zikichanganyika zinatoa gesi ya sumu, na choo chetu kidirisha chake kiganja.

Mwezi wa tatu

Hapa ndipo nilipojifanya fundi. Kisima chetu kina maji ya chumvichumvi, sabuni ya kawaida haitoi povu, na nikasikia ya mafuta ya nazi inatoa. Kweli inatoa. Vipimo vyangu: mafuta kilo 1, kostiki soda gramu 174, maji gramu 380. Vyote kwa mizani, hakuna kukadiria kwa kikombe. Soda ndiyo inamiminwa kwenye maji, kamwe siyo maji kwenye soda, na uwe nje, na glavu na miwani.

Yote hayo nilizingatia. Nisichozingatia ni sufuria. Nilimimina kwenye sufuria ya alumini na dakika hiyohiyo ikaanza kuchemka bila moto, povu la kijivu likapanda, mvuke unachoma koo. Nikarudi nyuma mpaka kwenye ua wa jirani. Kostiki inakula alumini. Plastiki nene au chuma cha pua ndivyo vyombo vyake. Mama mkwe akatoka.

"Mkwe, sufuria yangu ya pilau umeipikia nini?"

"Sabuni, Mama."

"Haya. Na pilau tutapikia sabuni?"

Raundi ya pili, kwenye ndoo, ilikubali. Nikachelewa kukata, ya nazi tupu inakuwa ngumu ndani ya saa chache, vipande vikapasuka. Nimevianika wiki nne. Povu zuri, lakini kwa bei ya mafuta ya nazi soko la Mgandini, mche wa dukani ni nafuu zaidi. Naendelea kwa sababu ya kisima tu, na kidogo kwa ubishi.

Mwezi wa nne

Nilipeleka 50,000 ya ziada benki. Naangalia salio: deni la msingi halijashuka kwa hiyo ziada. Wameihifadhi kama sehemu ya rejesho lijalo! Ikabidi niende tawini, niandike barua kwamba ziada yoyote ipunguze deni la msingi. Kabla ya barua nilirudi kwenye mkataba kutafuta kipengele cha faini ya kulipa mapema. Kwangu hakuna, wako usidhani, usome.

Mwezi wa tano

Usafi umeshuka mpaka 11,000. Hiyo ni 27,000, na 52,000 ya baiskeli, jumla 79,000. Naongeza buku moja iwe 80,000. Kibubu nimekiacha, maana kila Ijumaa palikuwa na mtu anakitikisa, nikiwemo mimi. Siku ya mshahara ziada inaondoka pamoja na rejesho. Juzi salio limeshuka na 80,000 yangu ndani yake.

Mama mkwe nimemnunulia sufuria nyingine, haijaingia kwenye hesabu. Ile ya zamani imetobolewa kitako kwa msumari, ina mchaichai.