Nilivyonyoosha nakshi ya ngoma ikawa picha moja bapa

Mjomba wangu hapa Amu (Lamu) ana ngoma ya zamani, wambo, yaani ngozi yake, ulishatoka kitambo ila mwilini ina mkanda wa nakshi, maandishi ya Kiarabu na maua, umezunguka wote. Alitaka fundi amchongee ngoma nyingine yenye mkanda ule ule, fundi akasema sawa, lakini nileteeni mchoro wake kwenye karatasi, ukubwa wa kweli. Kuweka karatasi na kusugua mkaa nilikataa manake mti umeliwa na wadudu na ile rangi kidogo iliyobaki ukiigusa inabambuka. Ikabaki simu.

Sasa kitu cha mviringo ukikipiga picha katikati panatoka sawa lakini pembeni nakshi inabanana, na ni hesabu tu, ukifika digrii 60 kutoka katikati, sentimita moja inaonekana nusu. Ndio maana kupiga picha nne tano na kuziunga haisaidii, kila moja inakuja na pembeni zake zilizobanana. Dawa ni kupiga nyingi halafu kwenye kila picha uchukue kipande chembamba cha katikati tu, vingine vyote tupa. Wazo lenyewe si geni, miaka ya 1970 Mmarekani Justin Kerr alijiundia kamera ya kunyoosha michoro ya vyombo vya Wamaya, chombo kinazunguka huku filamu inapita nyuma ya mwanya mwembamba.

Nilizungusha uzi kwenye ngoma nikapata sentimita 88. Kipenyo ni 28, zidisha 22 gawa kwa 7, inakubali. Nikakata utepe wa karatasi wa urefu huo, nikatia alama kila sentimita 2, zikawa alama 44, nikauzungushia ngoma chini pasipo rangi na kuufunga kwa uzi, gundi isiguse mti kabisa. Ngoma nikaiweka juu ya kile kisahani cha kuzunguka cha wapambaji keki, na hapa chukua muda wako, lazima ikae katikati hasa. Simamisha kalamu kando yake karibu igusane, zungusha, ule mwanya usibadilike mpaka mwisho.

Na tafadhali zungusha ngoma, usiizunguke wewe na simu. Mimi nilikuwa kiwandani, yaani ule ua wa ndani ya nyumba, kwenye kivuli, mwanga unaingia upande mmoja tu, basi kila kipande kikifika mbele ya kamera kinapata mwanga ule ule na kivuli cha nakshi kinalala upande ule ule. Ungezunguka wewe, herufi za upande huu zingeonekana zimechimbwa na za upande wa pili zimevimba. Simu iwe kwenye stendi, mbali, halafu uvute kwa zumu, lenzi iwe usawa wa katikati ya mkanda, funga fokasi na mwanga kwa kubonyeza skrini na kushikilia, flashi usiwashe. Picha ya kwanza piga na rula imegusa uso wa mbele wa ngoma. Si nyuma, si kando, mbele pale pale, manake hiyo rula ndiyo itakayokwambia sentimita moja ni pikseli ngapi. Halafu zungusha alama moja moja, kila alama ikifika katikati piga picha.

Yangu ilitoka pikseli 80, kwa hiyo kila kipande upana 160. ImageMagick ni programu ya kompyuta ya bure na inakata zote 44 na kuziunga kwa amri moja, ila ukipenda GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa mkono pia inawezekana, utachoka tu. Angalia mpangilio: ngoma ikienda kushoto, kipande kinachofuata kinakuja kulia, ukipanga kinyume maandishi yatakatikakatika hata msomaji mzuri asiambulie kitu. Mimi nilikaa sana kwenye maungio kwa sababu ya nukta. Kulikuwa na herufi ba nukta yake imeangukia kwenye mkato kabisa, na nukta ikipotea au ikitoka mbili herufi si ile tena, na fundi atachonga kile anachokiona. Nikarudi kwenye ngoma yenyewe na tochi nikahakikisha moja moja.

Kuprinti, mwambie mtu wa duka asilimia 100, asiipunguze ili ienee karatasini. Zilitoka karatasi tatu za A3, nikaziunganisha, nikaweka ule uzi wangu juu yake, 88. Fundi aliupima tena mwenyewe, akaufuata mkanda kwa kidole akisoma, akasema, “Hini ndiyo, mwanangu.”

Kama una kitu kingine, jaribu kwanza kukivika karatasi. Ikikaa bila kukunjamana, kitanyooka. Siwa zile mbili, baragumu za kale, za makumbusho ya Lamu, ya shaba na ile ya pembe ya Pate, zinapungua kuelekea upande wa kupulizia, kitu cha namna hiyo kikinyooshwa kinatoka mfano wa upepeo, kwa hivyo vipande vya upana mmoja haviwezi, kuna programu ya CloudCompare ambayo inakunjua hata koni lakini lazima uwe na modeli ya 3D kwanza. Mtungi wenye tumbo haunyooki bila kuvutika mahali, huo upige sehemu sehemu. Na zile picha zote na ile ya rula usizifute, mtu mwingine akitaka vipande vyembamba zaidi au kipimo tofauti atakata upya kutoka hapo bila kuisumbua ngoma.