Nilivyopata baiskeli ya kwenda kazini kwa bajeti ya laki mbili

Bajeti yangu ilikuwa laki mbili, matengenezo yakiwa humo humo. Naishi Nyegezi, hapa Mwanza, kazi yangu iko Mkuyuni, na nilishachoka kugombania daladala za mjini kila asubuhi ili tu nishuke njiani. Mara ya mwisho kuendesha baiskeli nilikuwa msichana wa shule huko Magu. Ilikuwa Phoenix ya baba, nasi watoto tuliiendesha kwa kupenyeza mguu chini ya paipu kwa sababu siti hatukuifikia. Sasa nina miaka arobaini na kitu, magoti yanalalamika, na kazini navaa sketi.

Kabla ya kununua chochote nilikodi baiskeli kwa kijana wa mtaani, nikazunguka nayo uwanja wa shule jioni. Kujimudu juu ya baiskeli sikuwa nimesahau. Kilichopotea ni pumzi, na ujasiri wa kuachia mkono mmoja kuonyesha kwamba nakata kona. Hilo la mkono nililifanyia mazoezi hasa, maana kwenye barabara ya Kenyatta bodaboda hawakusubiri ujipange.

Phoenix mpya niliitafakari sana. Ni imara, inabeba gunia, na hakuna fundi asiyekuwa na spea zake. Lakini ni nzito, haina gia, na ile paipu ya juu haielewani na sketi. Baiskeli mpya za bei rahisi zenye shokapu mbele na nyuma ndizo zinazowavutia vijana, ila kwa maoni yangu ni hasara: kila ukikanyaga pedali springi inabonyea, na nguvu zako zinaishia humo. Nikabaki na mtumba wa Japani. Fremu imeshuka katikati, kikapu kiko mbele, madigadi yapo, mnyororo umefunikwa usishike nguo, na baadhi zina gia tatu zilizofichwa ndani ya hab, yaani kitovu, ya gurudumu la nyuma. Kwa mji wenye vilima na mawe kama huu, hizo gia tatu nilizitaka.

Nilimlipa fundi wa mtaani kwetu elfu kumi anisindikize kwa muuzaji. Ni pesa niliyoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote. Nilikuwa nimesimama mbele ya baiskeli nyekundu inayong'aa, akaniambia, "Mayu," yaani mama, "achana na rangi. Shika mkono wa pedali hapa, utikise kushoto na kulia." Ulicheza. Gololi za ndani zimekwisha, akasema, tukaiacha.

Iliyofuata, ya kijivu, aliinyanyua na kuzungusha gurudumu huku akiangalia nafasi kati ya ringi na mpira wa breki. Ringi iliyopinda inasogea na kurudi, hata asiye fundi anaona. Akabana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma, akisikiliza kama shingo ya usukani inagonga. Akapitisha kidole chini ya shingo, pale paipu zinapoungana, kutafuta nyufa au rangi iliyokunjamana, dalili kwamba baiskeli iliwahi kugonga kitu. Mwisho akaivuta siti juu. Bomba la siti likiwa limeganda kwa kutu, urefu uliokutana nao dukani ndio utakaoishi nao.

Mnyororo niliupima mwenyewe kwa rula ya mwanangu, muuzaji akicheka. Kwenye mnyororo mpya, kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 ni inchi 12 kamili. Ukikuta umezidi kwa moja ya nane ya inchi, umekwisha, na umeshaanza kula meno ya gia. Wa kwangu ulikuwa bado.

Kuna jambo moja lililonifanya nisitoe pesa siku hiyo: tairi. Hizi za Japani nyingi huandikwa 26 × 1 3/8, na zile za milimani huandikwa 26 × 1.95. Ukisikia 26 utadhani ni tairi moja, kumbe haziingiliani kabisa. Angalia namba ndogo ubavuni mwa tairi: ya Japani inaishia na 590, ya milimani 559. Hicho ni kipenyo cha ringi kwa milimita, kwa hiyo tofauti ni milimita 31. Phoenix yenye tairi la 28 × 1½ ni 635. Nilizunguka kwanza maduka ya spea mjini nikiulizia 590, na nilipolipata tairi lenyewe nikalishika mkononi, ndipo nikarudi kwa muuzaji.

Alianza na laki na themanini. "Dada, hii mali ya Japani, haifi." Nikamwonyesha matairi yaliyopasuka kwa jua na mipira ya breki iliyokakamaa. Fundi akaingiza maneno yake ya Kisukuma, wakacheka wawili wao, tukamaliza kwa laki na thelathini na tano.

Matairi mawili, tyubu, mipira ya breki, waya na grisi vilikula elfu arobaini na nane. Breki ya nyuma ya baiskeli hizi ni ya mkanda ndani ya bakuli, nayo kupiga kelele ni asili yake. Nimeiacha ipige. Watu wanageuka kabla sijagonga kengele.

Siti tuliipandisha hadi nikiweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa mguu unanyooka. Imefika karibu na alama ya mwisho iliyochongwa kwenye bomba, na alama hiyo usiivuke, bomba linaweza kuvunjika. Mimi si mrefu. Mtu wa futi sita sidhani kama atazifurahia baiskeli hizi. Kuhusu gia, unapobadilisha legeza mguu kidogo kwanza, utaisikia inaingia.

Helmeti niliipata baadaye Mlango Mmoja, kwenye mitumba, baada ya kukagua ndani na nje kama ina ufa. Ile elfu saba iliyobaki kwenye laki mbili nilinunulia mnyororo na kufuli. Baiskeli ilikuja na kufuli lake la kubana gurudumu la nyuma, ambalo linamzuia mwizi kuiendesha lakini halimzuii kuibeba begani.