Mke Mpya wa Mzee Philip

Likizo hii binti yangu ameamua kuutazama mfululizo wa The Fresh Prince of Bel-Air, kile kichekesho cha Kimarekani cha kijana Will anayelelewa kwa kina Mzee Philip, kwa mpigo mmoja, misimu yote 6, vipindi 148, na juzi usiku alinifuata jikoni akauliza kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Mama, Bi Vivian wa kwanza wamempeleka wapi?" Bi Vivian ndiye mke wa Mzee Philip na mama wa nyumba ile. Nilimjibu kwamba mwigizaji alibadilishwa. Jibu hilo ni sahihi na halikumridhisha hata kidogo, kwa sababu hakuwa ameuliza habari za mwigizaji; alitaka kujua yule mwanamke aliyejifungua mtoto jioni amekwenda wapi, hata baada ya chakula cha usiku mtoto yule yule awe mikononi mwa mwanamke mwingine, na mume na watoto wakubwa wote wamenyamaza.

Swali hilo nilikwisha kulisikia likiulizwa, ukumbini kwa Bibi, Majengo, mbele ya televisheni ya Great Wall isiyo na rangi.

Bibi hakujua Kiingereza wala hakukitaka, lakini hakukosa kipindi. Kazi ya kumfasiria ilikuwa ya Mjomba, ambaye alikaa kwenye kigoda pembeni mwake na kumpa kila maneno matatu kwa neno moja. Kwa mambo ya televisheni Bibi hakuwa mtu mgumu. Katika Vioja Mahakamani washtakiwa walikuwa wale wale, wiki hii kwa kosa hili na wiki ijayo kwa kosa lile, na hakuna hakimu aliyeuliza kama kifungo cha juzi kimekwisha. Bibi hakuona tatizo lolote. Hata Will, kijana wa Philadelphia anayeitwa Will Smith na kuigizwa na Will Smith, hakumsumbua, ingawa sisi watoto tulikaribia kupigana shuleni kwa ajili yake. Rafiki yangu mmoja alishikilia kwamba jina likiwa moja basi kisa ni cha kweli, na kwamba huko Marekani kamera zimewekwa tu nyumbani kwa watu.

Bi Vivian lilikuwa jambo jingine. Yule wa kwanza, Janet Hubert, alikuwa mwanamke mweusi wa kung'aa, mwenye macho yanayoweza kumkalisha mtu chini, na kipindi cha msimu wa 2 anachofikisha miaka 40 kisha akaingia darasani na kucheza dansi mbele ya wasichana wadogo hadi wakaduwaa, Anti alikisimulia uani kwa muda mrefu sana. Nasema Anti wa kwanza, mke wa Mjomba. Aliondoka mwezi wa Rajabu tukiwa chuoni tunasoma Kurani. Tuliporudi hatukuyaona masanduku yake, na baada ya Idi alikuwepo Anti mwingine, ambaye tuliambiwa tumwamkie, tukamwamkia, na ambaye tulimwita Anti kwa sababu ndivyo mke wa Mjomba alivyoitwa siku zote. Hakuna aliyetukalisha akatueleza chochote. Nao watoto wa siku zile hawakuwa na desturi ya kuuliza habari za watu wazima.

Jioni ninayoikumbuka, kwa hiyo, ukumbi ulikuwa na Bibi kwenye kiti chake, Mjomba kwenye kigoda, sisi kwenye mkeka, na Anti mpya akizunguka na birika la kahawa. Ulikuwa mwanzo wa msimu wa 4, uliotoka Marekani mwaka 1993 na kutufikia sisi baadaye, kama vyote vilivyotufikia. Kila kitu kilikuwa mahali pake: ngazi zile, makochi yale, mwana wao Carlton na suruali zake, Mzee Philip na tumbo lake. Kisha akaingia mwanamke mwembamba, mwenye ngozi ya maji ya kunde, upole mtupu usoni. Hata kwa televisheni isiyo na rangi tofauti ilionekana kutoka mlangoni. Watoto wakamwita mama. Mzee Philip akamwita Vivian.

Bibi akamtazama Mjomba. Mjomba akatazama televisheni.

Ndipo akaingia Jazz, yule rafiki wa Will ambaye kazi yake kuu ni kutupwa nje ya nyumba, akamkagua mama yule kwa utulivu, akamwambia kwamba tangu alipojifungua mtoto yule kuna kitu kimebadilika kwake. Watazamaji wa studio wakaangua kicheko. Will akageuka, akatutazama moja kwa moja kupitia kioo, sisi wa mkekani, kana kwamba na yeye ana swali na hajui amuulize nani. Sijawahi kuona mtu wa televisheni akinitazama hivyo. Nilikuwa nimezoea kwamba sisi ndio tunaowatazama wao.

"Amesemaje?" Bibi akauliza.

"Amemsalimia," akajibu Mjomba.

"Salamu gani hiyo ya kuchekwa na umati?"

Mjomba akanyamaza. Binamu yangu mkubwa, aliyekuwa sekondari na ambaye hakuwahi kupitwa na nafasi ya kuonyesha Kiingereza chake, akaifasiri sentensi nzima, neno kwa neno, kwa sauti ya kusomea taarifa ya habari. Bibi akatafakari. Alichukua muda wake, akanywa funda la kahawa, kisha akatoa hukumu ambayo mpaka leo naiona ina mantiki kuliko maelezo mengi niliyokuja kuyasoma: "Basi ameoa mwengine, akampa na jina la yule."

Ukumbi mzima ukawa na kazi ya kufanya. Binamu akakumbuka daftari lake. Mjomba akasimama, akaenda kuzungusha antena ilhali picha ilikuwa safi kabisa, akaiharibu, akarudi kuitengeneza. Mimi nilimtazama Anti, na sikuona hasira wala aibu usoni mwake. Alikuwa amesimama na birika mkononi, macho kwenye kioo, akimfuatilia yule mwanamke mwembamba anavyozunguka sebuleni na kuwagusa watoto mabegani kana kwamba amewazaa wote. Kahawa ilikuwa inadondoka mkekani, taratibu, wala hakuiona.

"Na hao watoto wake," akasema hatimaye, kwa sauti ya kawaida tu, "hakuna hata mmoja aliyemuuliza wewe ni nani?"

Hakujibiwa. Akakumbuka birika, akalitengeneza, akammiminia Bibi kikombe cha pili, na Bibi, ambaye hakuwa mwepesi wa kushukuru, akamwambia ahsante.

Mengine yalipita haraka. Anti huyu ndiye aliyebaki. Akawa mpenzi wa kipindi kutushinda sote, na daima alimtetea Daphne Maxwell Reid, yule Bi Vivian wa pili, ambaye jina lake hakulijua: alimwita "mwenzangu". Nicky, mtoto aliyezaliwa msimu wa 3, alipoonekana msimu wa 5 akiwa kijana wa kwenda shule na mwenye kujibu maneno, sisi tulipiga kelele, lakini Bibi alisema mtoto wa mwenzio hakawii kukua. Kwenye Family Matters, binti mdogo wa kina Winslow, Judy, alipotoweka baada ya msimu wa 4 na wazazi wake wakaanza kuzungumza kama watu wenye watoto wawili tu, Bibi alisema amepelekwa kulelewa kwa jamaa, na akashangaa kwamba tunaona ajabu.

Ukubwani nimesoma sababu, kama wasomavyo wote waliowahi kukwazwa na mambo haya. Janet Hubert alikuwa mjamzito kweli katika msimu wa 3, na mimba ya Bi Vivian ikatungwa kuifuata ya kwake. Hakuelewana na Will Smith. Akaletewa mkataba wenye kazi pungufu, akaukataa, akaenda. Will mwenyewe amesimulia kwamba Alfonso Ribeiro, yaani Carlton, ndiye aliyemshauri mhusika wake aitwe Will Smith, kwa hoja kwamba watu watamwita jina hilo maisha yake yote. Jazz ni Jeffrey Townes, na mtumishi wa nyumba ile anaitwa Geoffrey. Kwenye kipindi cha mwisho, mwaka 1996, kina Jefferson wanakuja kuinunua nyumba, wakitoka kwenye kichekesho chao wenyewe cha zamani, na Phillip Drummond wa Diff'rent Strokes anaingia kwenye sebule ya Philip Banks pasipo mtu kutaja kwamba wana jina moja. Naona raha kuyajua haya. Sina hakika kwamba ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta.

Kwa maana nikimweleza binti yangu mkataba na ugomvi, anaelewa kwa nini Janet Hubert aliondoka, lakini bado hajui kwa nini Ashley, binti mdogo wa nyumba ile, hakuuliza, wala dada yake Hilary, ambaye huuliza kila kitu. Labda waliambiwa wamwamkie, wakamwamkia. Labda walichungulia chumbani, wakaona masanduku hayapo, na mmoja wao akaenda kuzungusha antena. Sijui kama Anti wetu alikuwa akituuliza sisi siku ile au aliuliza televisheni tu, na alipofariki bado nilikuwa sijaamua kama ni heshima kumwuliza.

Mwaka 2020, waigizaji walipokutanishwa tena, miaka 30 tangu kipindi kianze, Janet Hubert alikuja, akaketi na Will wakasemezana yao, kisha akaingia kwa wengine, na Bi Vivian wawili wakawa pamoja chini ya paa moja, ngazi zile, makochi yale. James Avery, aliyekuwa mume wao, alikwisha kufariki mwishoni mwa 2013. Niliangalia peke yangu, kwa simu, nikijua fika kwamba Bibi angekuwepo asingelia kama nilivyolia mimi. Angetaka tu kujua enzi za uhai wa mume wao walikuwa wakigawana zamu vipi, na nani alikuwa akipewa Ijumaa.