Rekodi ya mtoto si ya kusambaza

Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Kigoma. Naumia ninaposikia mtu anaomba "atumiwe tu WhatsApp" mahojiano ya mtoto aliyefanyiwa ukatili.

Kurekodi mahojiano naunga mkono. Mtoto akisikilizwa vizuri mara moja, kwa utulivu, anapunguziwa kusimulia maumivu yale yale kwa kila mtu mzima mwenye kalamu. Lakini nani aione? Mpelelezi wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mwendesha mashtaka, na sisi ustawi tunaoshughulikia shauri lake. Diwani hapana. Mwalimu mkuu hapana. Hata shangazi aliyemleta kutoka Ujiji, pamoja na mapenzi yake yote, hapana.

Wengine husema, ziba sura. Haitoshi! Huku tunajuana: sauti, Kiha chake, jina la rafiki analolitaja, mtaa mzima umeshamtambua. Nataka nakala zihesabiwe, zifungwe kwa nywila, na kila anayetazama asaini daftari na kuandika sababu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie; tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Ukitumiwa rekodi ya namna hiyo, usiipeleke kwa mwingine. Nenda polisi, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto.